Dole la Bi Mwahija

Jumanne, 5 Julai 1938

Meli imeleta hukumu za Korti Kuu. Bahasha nzito kama jiwe la kusagia, imefungwa utepe mwekundu. Mimi ndiye karani na mkalimani wa boma hapa Kilwa Kivinje, kwa hiyo hekima yote hiyo sharti ipitie kwangu: niigeuze Kiswahili, niipige taipu, niibandike ubaoni watu wajue sheria imefika wapi. Watu gani! Wanaokuja ubaoni ni mbuzi. Gundi yangu ni uji wa muhogo, nao wanaupenda. Mwezi uliopita walikula hukumu mbili za ushuru kabla ya adhuhuri. Sikuwafukuza.

Ya kwanza leo — Likwata, mkulima wa huko bara, kesi ya kuiba mbuzi. Korti Kuu imemwachia huru! Kosa gani limeonekana? Hakimu alisahau kutia sahihi ukurasa wa pili. Basi, huru. Ila Likwata alikwisha maliza kifungo chake tangu Machi, sasa yuko kwake anapalilia mihogo. Nimemtuma tarishi, mwendo wa siku mbili, akamwambie kwamba hakufungwa kihalali. Habari za mbuzi majaji hawakuuliza. Mwenyewe bado anamtafuta mbuzi wake.

Jumatano, 6 Julai

Tatu leo. Mkono unauma.

Talaka ya Mastura wa Kiswere. Mumewe aliiandika kwa barua kutoka Lindi, mchukuzi akashikwa na homa njiani, barua ikalala wiki saba. Talaka ilianza lini? Mashehe wetu walijibu kwa pumzi moja: siku ilipoandikwa. Majaji, kwa kurasa kumi na moja, wanasema siku ilipofika. Kwa hiyo eda aliyokaa Mastura si eda, na ndoa yake ya pili si ndoa. Ana mimba ya miezi mitatu. Nani atakwenda kumwambia? Si mimi. Nitabandika, mbuzi watajua la kufanya.

Vibarua wa mkonge: mvua ikinyesha mtu akasimama shambani kutwa akingojea inyamaze, siku hiyo haiandikwi katika kipande chake, kadi ya siku za kazi. Hakufanya kazi, alisimama tu. Aliyeandika hayo naona hajawahi kulowa.

Ya tatu wameipatia, kwa bahati. Ukipanda mkorosho kwenye ardhi ya mwenzako, mti ni wako, ardhi ni yake. Kivinje nzima inajua hilo, hata mwendawazimu wa sokoni. Wao wamelitafuta miaka minne, wamelipata, wanalishangaa. Hata hivyo itamfaa Bi Mwahija, mjane anayedai shamba lake la minazi, rufani yake ikisikilizwa. Nimeibandika juu kabisa, mbuzi wasiifikie.

Alhamisi, 7 Julai

Ilikuwa chini kabisa, ndani ya bahasha. Ya Bi Mwahija.

Nimeisoma mara nne. 

Niandike yalivyokuwa, kichwa kitulie. Marehemu Bakari, mumewe Bi Mwahija, alimwuzia Huseni mwenye duka nazi za miaka mitatu. Nazi tu. Huseni akaandikisha karatasi yake, akaja kudai shamba zima, na nyumba iliyomo. Hakimu aliyekuwapo wakati ule alimpa. (Amekwisha hamishwa, Mungu awasaidie huko alikokwenda.) Wiki moja baada ya hukumu Bakari akafa. Siku za kukata rufani ni thelathini. Siku za eda ya mjane ni mia na thelathini. Nani akae kumngojea nani?

Nikaipeleka karatasi ya rufani mwenyewe. Nilifanya wema, ndiyo, mimi! Nilikaa barazani, yeye yuko ndani nyuma ya pazia, kama inavyopasa. Nikamsomea neno kwa neno, nikauliza, Bi Mwahija, umeridhika? Akajibu kwa sauti yake, nimeridhika, mwanangu, peleka. Nikaipenyeza karatasi na kibati cha wino. Vikarudi, dole limetiwa, zuri, mistari yote inaonekana. Nikatia sahihi yangu chini ya maneno ya Kiingereza yasemayo kwamba nimemwona kwa macho yangu akitia dole.

Sasa wakili wa Huseni amewaandikia majaji: mjane wa Kiislamu akiwa ndani ya eda haonekani na mwanamume wa kando. Karani alimwonaje?

Swali zuri. Mbwa yule!

Nao wameamua: hakimu asikilize hapa Kivinje. Mjane atie dole tena, madole mawili yalinganishwe. Ikithibitika kwamba mwenyewe aliiridhia karatasi, rufani iendelee. Isipothibitika, itupwe. Na kama mtu alishuhudia asichokiona, afikishwe mbele ya sheria. "Mtu." Hawakuandika jina. Ukurasa wa pili wa Likwata ulisahauliwa, wa kwangu wameukumbuka.

Ijumaa, 8 Julai

Bado si neno. Dole ni lake, litalingana, hakuna atakayeuliza zaidi. Hakimu mpya ana miezi mitatu tangu atoke Ulaya, Kiswahili chake ni jambo na lete chai. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 9 Julai

Si dole lake!

Nimekwenda kwao asubuhi. Bi Mwahija ametoka eda tangu mwezi uliopita, alikaa kizingitini anachambua mchele. Shikamoo, marahaba, habari za boma. Nikamweleza ataitwa kutia dole, lilinganishwe na lile la kwanza. Nyuma yake mdogo wake, Kidawa, akaangusha ungo.

Nikajua kabla hajafungua mdomo.

Anasema mtu wa eda hatii hina, hatii wanja, hatii rangi yoyote mwilini. Na wino ule ulikuwa wa zambarau, unang'aa, hautoki siku tatu. Kwa hiyo dada asije akaharibikiwa eda yake kwa ajili ya karatasi ya serikali, alitia yeye, lake. "Dole si dole tu, kaka Yunusu?"

Nikamwuliza Bi Mwahija, nawe ulikuwa wapi? Akajibu: nilikuwa hapo hapo, nimekaa naye mkeka mmoja, mimi ndiye niliyemwambia atie. Haoni kosa. Anashangaa kwa nini jasho linanitoka.

Wino pambo! Wajinga hawa! Nimewaambia hivyo hivyo, wajinga. Kidawa akalia. Bi Mwahija hakulia, alinitazama tu, akaniuliza: wewe uliandika kwamba umeniona?

Nikasema ni desturi ya ofisi.

Jumapili, 10 Julai

Sikutoka. Wali umeungua, nimeula.

Jumanne, 12 Julai

Barua ya hakimu. Atakuja Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 21. Hana mkalimani, atamtumia wa hapa. Wa hapa ni mimi. Shahidi mkalimani wa mashahidi! Wangekuwa wengine ningecheka mpaka watu wa Pande wakanisikia.

Ijumaa, 15 Julai

Huseni amenishika mkono nje ya msikiti. Mafuta ya waridi, kanzu ya hariri, meno yote nje. Habari zimekwisha mfikia — Kivinje siri hailali. Hakutisha. Alinihurumia, hilo ndilo baya. Akasema mbona njia nyeupe? Sema ulimwona mwanamke kajifunika gubigubi akitia dole, ukaambiwa ndiye, ukaamini. Mwongo atakuwa Kidawa. Wewe utabaki na kofia yako na kalamu yako.

Na Kidawa je? Ah, miezi michache tu, mwanamke hafungwi sana. Na rufani? Hapo akacheka.

Nilimwambia Mungu anakuona. Nikaondoka kwa maringo. Kisha nikayafikiri maneno yake njia nzima mpaka nyumbani, na baada ya chakula, na sasa.

Jumapili, 17 Julai

Bi Mwahija ameniletea mkate wa kumimina. Kwa nini anilishe? Hakuja kubembeleza. Aliuliza moja tu: siku hiyo utasema uliisikia sauti yangu?

Ndilo neno pekee litakalomwokoa. Nikisema niliisikia akiridhia, imethibitika, rufani inaendelea, na ile hukumu ya mkorosho, kwamba mti si ardhi, inangoja kumpa shamba lake. Lakini siwezi kusema nilisikia bila kusema sikuona. Nikisema sikuona, ndiye mimi yule mtu asiye na jina. Miaka kumi na minane ya kazi. Na jela juu yake.

Nilimjibu inshallah. Akasema: hiyo inshallah ya Mungu au ya karani?

Mkate nimeumaliza wote, hata sikuona haya.

Jumatano, 20 Julai

Hakimu amefika, amechomwa na jua, mwekundu kama embe dodo. Ana adabu, ananiita mister. Amenisifu Kiingereza changu. Nimefurahi — ndiyo, nimefurahi, nikajichukia hapo hapo.

Nimetazama ubao. Miaka yote hii nimewacheka wanaohukumu wasiyoyaona. Mimi nimeshuhudia nisiyoyaona na nikapiga muhuri. Tofauti yetu mshahara.

Nimeazimia kesho kusema kweli. Au lile la Huseni. Nikiona uso wake Bi Mwahija nitajua.

Alhamisi, 21 Julai

Naandika kwa penseli, varanda ya nyuma ya boma. Korti imepumzika mpaka saa nane. Imepumzika kwa ajili yangu.

Tulianza saa tatu. Chumba kimejaa, wengine madirishani. Huseni mbele kabisa. Dole limelinganishwa kwa kioo cha kukuzia: si lenyewe. Hakimu akaandika. Kidawa amejivutia ukaya mpaka puani. Kisha akaitwa Bi Mwahija. Akashika msahafu, akaapa, nikageuza kiapo bila taabu. Hakimu akauliza, nami nikamwuliza: karani alikuona ukitia dole?

Akajibu kwa sauti ya kuwafikia wa madirishani. Alisema:

"Hakuniona, bwana. Hakuniona hata ukucha. Alikaa barazani kwa adabu zake, akanisomea, akaniuliza, nami nikamjibu nimeridhika. Dole alitia mdogo wangu kwa amri yangu, wino ni rangi nami nilikuwa edani. Huyu karani ni mtoto wa watu, alilelewa. Hajamchungulia mjane wa mtu. Mwulizeni mwenyewe, hatasema uongo."

Ananisifu! Amesimama mbele ya mji mzima ananisifu, na kila sifa ni msumari. Watu wakaitikia, naam, naam. Hakimu amenyanyua kalamu, ananitazama. Anasema yes, what does she say?

Nilifungua mdomo. Wallahi nilikuwa na maneno yote, kwa mpango, Kiingereza safi.

Nikasema: anaomba maji.

Maneno yote yale! Hata yeye hakimu alishangaa kidogo, kwamba Kiswahili ni kirefu hivyo kwa bilauri moja ya maji. Lakini ni mtu mwema, akamtuma askari mbio.  Kila mtu alikuwa amesikia alichosema Bi Mwahija, ila nilichokisema mimi kwa Kiingereza hawakukijua, mpaka askari aliporudi na bilauri akamwekea mbele yake, mezani kwa hakimu. Hapo wakajua. Huseni akajifunika uso kwa kitambaa, mabega yanamcheza kwa kicheko.

Bi Mwahija akaitazama bilauri. Akanitazama mimi. Hakukasirika. Alisema polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto:

"Yunusu, mwanangu. Leo Alhamisi. Mimi nimefunga."

Hakimu akauliza tena, what does she say? Nikasema amechoka. Akatazama saa yake, akasema basi, apumzike, tuendelee saa nane na swali lile lile.

Kidawa amekaa chini ya ubao wangu, amejiinamia. Hakuna aliyenisogelea. Askari aliyeleta maji amepita, hakunisalimu.

Nimechungulia ndani sasa hivi. Mezani kwa hakimu kuna kalamu, msahafu, na bilauri ile. Imejaa mpaka juu. Hakimu si kipofu, ataona haijanywewa, ataniuliza kwa nini.

Kengele. Wanaingia. Bi Mwahija amekwisha simama mahali pake, ananingoja nimgeuzie maneno.