Mwalimu Aliyefukuzwa kwa Kuchanganya

Mpendwa mwalimu,

Kiswahili chako kilikuwa neno moja tu, "polepole", na hilo uliligeuza amri ya darasa zima. Hata hivyo nakuandikia kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza ningekuwa na adabu kupita kiasi, na hilo hukulipenda.

Sikuja kwako kutafuta mambo ya Japani. Nilikuwa napanga maboksi kwenye ghala la Washwood Heath, hapa Birmingham, mgongo umekaza, na Wanjiru, yule nesi niliyepanga naye nyumba, akanikokota hadi kwenye ukumbi ulio karibu na stesheni ya Stechford. Nilikukuta unagombana na hita ya ukutani.

Siku hiyo wote walipiga magoti wakainamisha vichwa hadi kwenye mkeka, mbele ya picha ya mwalimu wako wa aikido, ule mchezo wa Kijapani wa kujihami. Mimi nilibaki nimesimama.

"Halima, inama tu," Wanjiru akaninong'oneza. "Ni salamu, si prayer."

"Mimi namwinamia Mungu peke yake."

Ulisikia. Hukukasirika. Uliniuliza tu kwetu tunamsalimuje mzee asiye wa ukoo, nikaweka mkono kifuani. Juma lililofuata ulimwinamia mwalimu wako, kisha ukanigeukia, ukaweka mkono kifuani. Ulikuwa umeshaichukua salamu yetu.

Ndivyo ulivyoishi. Utotoni judo, ujanani aikido, halafu karate kwa jirani, na huku Birmingham ukajifunza mieleka kwa Mpolandi mmoja fundi bomba. Kila ulichokipenda ulikitia ndani ya aikido yako, mpaka mwalimu wako akakwambia uchague moja au uondoke. Ukaondoka, na picha yake ukaondoka nayo. Ulitusimulia hayo huku ukikunja nguo zako za mazoezi, kana kwamba ni habari za mtu mwingine, nasi tulicheka kila ulipoiga sauti yake ya ukali.

Ulifariki kabla ya Ramadhani, ukaniachia darasa. Ukumbi hautupokei bila bima, bima inapitia kwa chama cha aikido, na chama kinataka aikido tupu, isiyochanganywa. Basi tukakubaliana: mkaguzi wao akija, tumwonyeshe aikido tupu, akiondoka, turudie yetu. Usininunie. Wanjiru ndiye aliyesema, "Si ni show ya siku moja tu? Tunapass, tunaendelea na life."

Mkaguzi alikuja Jumamosi, mtu mstaarabu, viatu vyake akavipanga vizuri mlangoni. Aliniomba nionyeshe jinsi ya kumzungusha mtu kwa kifundo cha mkono. Wanjiru akanishika. Nilizunguka vizuri, na hapo nilipaswa kumlaza chini nimalize. Nyonga yangu ikaingia yenyewe. Nilimbeba Wanjiru mgongoni, nikambwaga kwa judo, na tulipofika chini nilikuwa nimeshambana kwa mieleka ya yule fundi bomba. Darasa likapiga makofi, wamesahau kabisa tulichokubaliana.

"Na hiyo ni ya nani?" mkaguzi akauliza.

Ningeweza kusema nimekosea. Wanjiru, akiwa bado chini, alinikodolea macho niseme hivyo.

"Ya mwalimu wetu," nikasema.

Jibu la chama limekuja leo asubuhi, fupi na la upole. Wametukataa, na ukumbi nao umekwenda. Nimewaambia wenzangu tutafanyia mazoezi kwenye nyasi za bustani mpaka baridi ije, kisha tutaona. Nimeyasema hayo kwa sauti kavu kama yako, nao wakacheka. Halafu nikaingia chooni, nikafunga mlango, nikalia.

Mwalimu, ulitusimulia mara nyingi ulivyofukuzwa. Hukuwahi kutuambia kwamba inauma.

Mimi mwanafunzi wako,
Halima