Mtoto wa Wakesho Alipumua

Voi, Alhamisi, Septemba 1974

Joto la leo linakausha ulimi. Upepo umeingiza vumbi jekundu mpaka wodini, na mimi nimeshukuru kuwa na kitu cha kupangusa, maana sitaki kumtazama mtu usoni.

Leo Wakesho amerudi.

Wiki tatu zilizopita aliletwa hapa hospitalini kutoka Mwatate, ambako mumewe anakata mkonge. Uchungu ulimshika mimba ikiwa na miezi mitano na kitu. Alijifungua asubuhi, mikononi mwangu. Mvulana. Alienea kwenye kiganja changu, ngozi nyembamba kama utando wa maziwa, macho hayajafunguka. Hakulia. Nikamfunga kitambaa, nikamwambia mama yake, "Pole, mama. Amezaliwa amekufa."

Nilipomfikisha chumba cha vifaa, nikaona kifua chake kinapanda na kushuka.

Hapa hatuna mashine ya kumpa joto mtoto kama huyo. Daktari alishatuambia wadogo kiasi hicho tusiwahangaishe, na hilo silipingi hata sasa. Hakuna ambacho kingemwokoa. Lakini ningeweza kurudi hatua kumi nikamweka kifuani kwa mama yake. Wakesho alikuwa amezika wawili tayari. Nikajiambia, akimwona anapumua atashika tumaini, kisha litamvunja.

Huo ndio uongo niliojipa. Ukweli ni kwamba niliogopa kilio chake, na niliona aibu kurudi kusema nimekosea.

Nikamlaza mezani, nikaenda kukunja bandeji. Kila nilipochungulia, bado alikuwa anapumua. Alikaa hivyo karibu saa nzima.

Leo mama yake amekuja kwa sababu maziwa hayajakatika. Nilikuwa namfunga kitambaa kifuani aliponiuliza, polepole:

"Sista, mwanangu alipumua?"

Mama Mghoi, mfagiaji wetu, alimwona mtoto siku ile alipoingia kuchukua ndoo. Juzi alikutana na Wakesho sokoni Mwatate, akashindwa kunyamaza. Ningeweza kusema macho ya Mama Mghoi ni mabovu. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni.

"Alipumua," nikasema.

"Kwa muda gani?"

"Karibu saa nzima."

Hakupiga kelele. Alifunga vifungo vya blauzi yake, kimoja kimoja.

"Nani alimbeba?"

Nilitazama sakafu. "Hakuna."

"Na mimi nilikuwa chumba cha pili, mikono mitupu," akasema. Akachukua kikapu chake akaondoka. Hata pole sikuweza kumwambia, kwa sababu neno hilo nilishalitumia kumdanganya.

Baada ya hapo nilifungua daftari la wodi. Nilikuwa nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri: amezaliwa mfu. Nikapiga mstari, nikaandika juu yake: alizaliwa hai. Nikatia sahihi.

Mstari huo haumpi Wakesho kitu. Najua.

Kesho sista mkuu atauona na ataniita. Nitamweleza yote, aniadhibu anavyotaka. Na akija mama mwingine wa namna hii, nitamuuliza yeye kwanza kama anataka kumpakata mwanawe, hata kama nitatetemeka nikiuliza.

Lakini kuna swali moja ambalo sista mkuu hataniuliza, nalo limekaa nami tangu asubuhi. Kama nilikosa ujasiri wa kumpeleka kwa mama yake, kwa nini mimi mwenyewe sikumbeba?