Matundu ya Chumba cha Sayansi

Mjukuu wangu Wakesho,

Huku Voi hatujambo. Nyanya yako ameshatolewa bandeji ya jicho, na jana alinigombeza kwamba shati langu lina doa. Tulicheka mpaka tukalia.

Umeniuliza jumba la sayansi mnalojenga litapataje ubaridi bila mashine, na watoto waonyeshwe nini humo. Nilipokuwa fundi kijana, nilijenga chumba cha sayansi cha shule moja hapa kwa matofali ya udongo. Niliacha matundu chini upande wa upepo, na mengine juu karibu na paa. Wazazi walikasirika, wakisema yataingiza joto na vumbi.

"Fundi, ziba hayo matundu au tubomoe," mwenyekiti wao aliniambia.

Niliwaomba wasubiri jua likolee. Walipoingia mchana, mwalimu alishika karatasi inayofuka moshi mbele ya tundu la chini. Moshi ulivutwa ndani, ukapanda polepole, ukatokea juu. Kisha mama mmoja akaegemeza shavu ukutani.

"Kumbe ni baridi!"

Wengine wakafuata, hata mwenyekiti. Nilishusha pumzi, nikakaa sakafuni mbele ya watu wote.

Sikuwa nimewaeleza lolote, mjukuu wangu. Kwa hivyo punguza mabango ya maelezo, waachie watoto ukuta waushike.

Juzi nilipita pale shuleni. Jua lilikuwa la utosi, darasa limejaa, na hakuna mtoto aliyekuwa akijipepea.

Ni mimi babu yako,
Mwakio