Mvumu wa Babu na Nondo Wake

Ngara mjini,
11 Agosti 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima wewe na mama, na kwamba kifua chake kimetulia. Mimi sina ugonjwa, ila nimechoka. Macho yananiwasha kutwa kwa kuchungulia hadubini.

Uliuliza ni kazi gani hii isiyoisha. Ni yule nondo niliyemtoa kwenye mvumu wetu, ule mti mkubwa wa babu, mwezi wa tatu, akiwa bado kiwavi ndani ya jani. Amekuwa mkubwa, ila ukubwa wenyewe haufikii punje ya mchele. Kwa mabawa tu huwezi kumtofautisha na wenzake. Inabidi kukata tumbo lake, kulichemsha katika dawa kali mpaka nyama iyeyuke, kisha kutazama viungo vya uzazi vya dume. Huyu ana kijino kilichopinda ambacho Dokta Esperansia, mkuu wangu wa kazi, hajakiona katika kitabu chochote. Nimekichora mara kumi na nne. Nilimwambia hata nondo mwenyewe hajijui kiasi hiki. Akacheka, akasema nirudie.

Dume tunaye mmoja tu. Ili tumtangaze kuwa ni aina mpya, Dokta anataka madume wengine na jike kutoka mti uleule. Mivumu mingine tumeikagua hadi Runazi. Mingi imekuwa kuni za wakimbizi, na iliyobaki haina kiwavi hata mmoja. Kila wiki ananiuliza lini tutakuja huko nyumbani Mbuba kuchuma majani. Kila wiki namwambia una wageni.

Nawe umeniandikia kwamba mti ulikatwa mlipokuwa msibani Biharamulo, na mkataji ni jirani yetu Nduwayo, kwa kuwa alitoka Burundi mwaka wa sabini na mbili na sasa anawapa ndugu zake wa kambini kuni za wenyeji. Umesema humpi tena salamu, na Jumapili baada ya misa utamshitaki kwa wazee wa kigango ili atengwe na jumuiya.

Baba, mti niliukata mimi. Nilipobaki kulinda nyumba alikuja mama mmoja wa kambini, Uwase, na sufuria ya maharage ya mgawo. Unayajua yalivyo magumu. Alisema ameyachemsha siku mbili kwa moto wa nyasi, watoto wameyala hivyohivyo na sasa wanaharisha damu. Aliomba vijiti tu. Mimi ndiye niliyeshika shoka. Tulianza na matawi makavu, wenzake wakaja, tukamaliza na shina. Nilijua ni mti wa babu, na nilijua nondo wamo.

Nduwayo alipita akanisihi niache, akasema mzee ataumia. Nikamjibu kwamba akithubutu kusema, nitamsingizia yeye, na hakuna atakayemwamini Mrundi. Nilisema hivyo, baba, kwa mdomo wangu.

Dokta nitamweleza kesho. Akinifukuza, nitarudi kulima. Kumsaidia yule mama sijuti. Kwa Nduwayo naona aibu hata kuliandika jina lake. Nakuomba, kabla ya Jumapili, umpelekee barua hii. Kusoma hajui, kwa hiyo msomee wewe mwenyewe, yote.

Msalimie sana mama, na dada Bonifasia na wanawe.

Mwanao aliyekukosea,
Gervasi