Chumba cha Watoto Kimefunguliwa Kiwandani

Nyumba za Wafanyakazi,
Chumba Na. 14.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Hujambo huko ugenini? Goti limeacha kukusumbua? Sisi huku wazima. Mjukuu wako ameota meno mawili na anang'ata kila anayemkaribia, baba yake kwanza.

Sasa kaa vizuri, nina habari. Tumeshinda!

Niliporudi kiwandani baada ya likizo ya uzazi, nilikuwa nakamulia maziwa chooni, kisha nayamwaga. Mtoto akakonda, nami nikakonda. Nilipomwomba msimamizi saa moja kwa siku ya kunyonyesha, alinijibu mbele ya watu, "Hapa tunashona mashati, hatulei watoto. Ukishindwa, mlango uko wazi." Nilirudi kwenye cherehani, machozi yakilowanisha kola za watu.

Basi mkata vitambaa wetu, mama wa mapacha, akaniletea nakala ya sheria mpya ya kazi. Kumbe saa ile ni haki yetu, na kiwanda chenye wanawake wengi lazima kiwe na chumba cha watoto! Tukatia sahihi barua wanawake arobaini na mmoja. Wengine walisita kwanza, maana kazi hazipatikani ovyo. Mimi ndiye niliyeipeleka ofisi ya kazi, nikaifuatilia mara tatu, mpaka mlinzi akaanza kuniita mpangaji.

Mkaguzi alikuja Jumanne moja bila taarifa. Mama mfupi, kavaa raba. Akamuuliza msimamizi, "Wanaonyonyesha wananyonyeshea wapi?" Bwana yule aliyezoea kufoka akaanza kupanga mashati mezani. Nikasimama.

"Chooni, mama. Njoo nikuonyeshe."

Akaja, akaona, akaandika. Akakipa kiwanda siku thelathini kiwe na chumba.

Juzi stoo ya zamani ya majora ilifunguliwa, imepakwa rangi, ina magodoro, sinki na yaya wawili. Vigelegele vilizima sauti za mashine! Saa nne nikamnyonyesha mwanangu nimekaa kitini, kama binadamu. Msimamizi bado hanisalimii. Shauri yake.

Dada aliyeko huko kwako akisema ataacha kazi kwa sababu ya mimba, mwambie aulize kwanza sheria ya huko inasemaje.

Msalimie sana Baba Mdogo, na majirani zenu. Mungu akulinde na akurudishe kwetu salama. Naweka kalamu chini, maana kesho tunaamka mapema. Tunakwenda kazini wawili.

Mwanao akupendaye siku zote,
Kidomo