Jibu Nililomufundisha Anifa

Yasmine uko wapi? Nimetoka mu tribunal, kule mahakamani, sasa hivi.

Unakumbuka ule mama wa Luberizi alishinda kesi ya uraia wa watoto wake, wenye baba Murundi? Na minye nikasema basi niende nirekebishe makaratasi ya mutoto wangu Anifa. Weye unajua, alipozaliwa, ku bureau ya kuandikisha watoto walinikatalia, eti mutoto anafuata inchi ya baba, na baba yake ni Murundi. Nikamuandikisha kama mutoto wa kaka yangu Djamali na bibi yake Asha.

Juge, ule hakimu, alikuwa muzuri, wallahi! «Mama, sheria iko wazi. Mutoto wa mwanamuke Mukongomani ni Mukongomani. Mama na baba wako sawa.» Nilitaka kulia pale pale.

Halafu akainamia mutoto, akamuuliza polepole: «Mama yako ni nani?»

Yasmine. Anifa akaniangalia mu macho.

«Mama yangu ni Mama Asha. Uyu ni shangazi.»

Uyu ni shangazi! Bila kusitasita! Minye ndiye nilimufundisha, kila tukipita mupaka wa Kavimvira kwenda Burundi kuona baba yake: mutu wa serikali akikuuliza, sema vile, usikosee hata kidogo. Miaka saba.

Nimeapa, nimelia. Juge akafunga dossier ya makaratasi: «Sheria iko upande wa mama. Lakini mama yake ni nani?»

Tumefika nyumbani. Ile sauti haitoki mu masikio. Uyu ni shangazi.

Na yeye iko pembeni yangu, anacheka, ananivuta nguo: «Mama, nilijibu muzuri?»