Kozi ya Kisiwani

Jumapili, 4 Agosti 1968

Chai ya kwanza nimekunywa barazani, miguu juu ya kiti cha pili. Mbwa, Polisi, hajala tena. Ugali wa jana bado uko kwenye sufuria yake, siafu wameuvamia. Amelala ukingoni mwa maji, uso upande wa kiwanda cha chai, kama jana.

Sijaenda kanisani. Hakuna kanisa hapa. Hakuna kitu ila kibanda hiki cha mbao ambacho wazungu wa shamba walijijengea wakija kuvua samaki, mikaratusi michache, mimi na mbwa. Maji ya bwawa pande zote. Ng'ambo ni majani ya chai mpaka msituni.

Memsahibu wa meneja ndiye aliyenipa ruhusa kabla hajasafiri kwao. Huwa namfundisha Kiswahili. Alisema, Mwalimu, umefiwa, nenda ukapumzike kisiwani. Kwetu mtu hafiwi akaenda kupumzika. Nikasema asante haraka kabla hajabadili nia.

Nyumbani Kisii nimewaambia niko kozi ya walimu, Kericho mjini. Uongo mtupu. Wazee wa ukoo wa marehemu mume wangu walitaka niende likizo hii, wakae kikao, waamue kama shemeji yangu Nyakundi atanirithi. Nyakundi ana wake wawili tayari. Sitaki.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimelala mpaka jua likaingia dirishani. Sijawahi. Miaka tisa ya ndoa niliamka kabla ya king'ora cha kiwanda, niwashe moto, Ondieki anywe chai aende zamu. Jioni alikuja na wenzake bila kuniambia, na wote walikula. Hakuwa mtu mbaya. Hakunipiga. Lakini nyumba ilikuwa yake, saa zilikuwa zake, hata usingizi wangu ulikuwa wake.

Aprili lori la kuni lilipinduka njia ya Kedowa, Ondieki akiwa ndani. Hakuwa na kazi humo. Aliomba lifti tu.

Leo nimekula mahindi ya kuchoma mchana, nimesimama, bila sahani, mikono ina masizi. Tamu sana. Kisha nikaona haya mbele ya mbwa.

Polisi alikuwa wa Ondieki. Kila jioni king'ora kilipolia alikimbia kumlaki langoni. Hapa king'ora kinakuja kidogo tu, juu ya maji. Anasimama. Anatetemeka. Analala tena.

Mbwa anaomboleza kuliko mjane. Ndivyo ilivyo.

Jumanne, 6 Agosti

Mvua ya mawe mchana. Nimesoma gazeti kuukuu lote, mpaka matangazo ya ng'ombe. Hakuna aliyeniita. Raha. Halafu moyo unanisuta. Halafu raha tena.

Jumatano, 7 Agosti

Polisi amekula. Nilivua samaki kwa ndoana ya wazungu, samaki mwenye madoa, nikamchoma, nikampa nusu. Alinitazama kwanza kama anayeomba ruhusa kwa mtu mwingine. Kisha akala mpaka mifupa.

Alasiri nikamtupia fimbo majini. Alikuwa akiogopa maji. Akaingia mpaka magotini, akarudi. Nikainua gauni, nikaingia naye, nikamshika tumbo. Tukahangaika hivyo muda mrefu. Mwishowe akaogelea, kichwa juu, masikio yamelala kama ya sungura. Nilicheka kwa sauti. Kicheko kikarudi kutoka ng'ambo, nikaziba mdomo. Ni miezi minne tu tangu tumzike.

Jioni Mzee arap Chumo, mlinzi wa bwawa, alikuja na boti yake kuniletea maziwa ya kibuyu. Akanipa, akasimama, hakuondoka.

"Mwalimu, kuna mama msee kwa nyumpa yako," alisema. "Ametoka Kisii. Anasema yeye ni mama ya pwana yako. Amekaa hapo kwa mlango na kikapu yake."

Jirani yangu Nekesa alikuwa amemwambia niko kozi. Mama akajibu kwamba atangoja.

"Nipeleke wewe sasa?" Mzee aliuliza.

Nikamwambia kesho.

Alhamisi, 8 Agosti

Sikwenda.

Mama mkwe wangu ni Bosibori. Alizaa wasichana, na mvulana mmoja tu, Ondieki. Nyakundi ni mtoto wa mke mwenza. Tangu nimjue hajawahi kupanda basi peke yake. Wazee wamemtuma anichukue. Wamejua mimi siwezi kumkatalia yeye.

Mzee arap Chumo alikuja mchana na boti. Nikamwambia kichwa kinauma. Akasema pole, akageuza boti. Kichwa hakikuuma. Nilichokosa ni uso wa kumwonyesha yule mama.

Yuko kwa Nekesa. Anakula kwa watu asiowajua, analala kwa watu asiowajua, na mkaza mwanawe anavua samaki. Nimeandika hivyo nione linavyoonekana. Linaonekana baya.

Samaki wa leo alikuwa na ladha ya matope.

Ijumaa, 9 Agosti

Asubuhi king'ora kililia. Polisi akasimama kama kawaida, akatetemeka kama kawaida, akaingia majini. Niliita. Niliita mpaka sauti ikakauka. Hakugeuka. Nilimfundisha mwenyewe.

Nilikaa barazani. Sikula. Nilijua anakokwenda.

Kabla ya mchana nikaona watu ng'ambo. Mzee arap Chumo. Mbwa. Na mwanamke mfupi mwenye leso nyeusi kichwani. Polisi alikuwa amefika mlangoni kwangu akichuruzika maji. Mama akamwuliza Nekesa, mbwa wa mtu aliye mjini ameogelea wapi? Polisi alipoondoka hapo kurudi huku, Mama akamfuata.

Alivuka akiwa ameshika boti pande zote mbili, macho amefumba. Nilimpa mkono ashuke. Mkono wake ulikuwa baridi. Akatazama kibanda, viti viwili, ndoana, maganda ya mahindi.

"Hii ndiyo kozi?"

"Ndiyo, Mama."

Akakaa. Nikapiga magoti kumsalimu, akaitikia. Nikasema najua wazee wamemtuma, lakini kwa Nyakundi siendi. Nilisema haraka na vibaya.

"Hakuna mtu amenituma," alisema. "Nyakundi hajui niko wapi."

"Sasa Mama umefuata nini?"

Alikunja na kukunjua ncha ya leso. Kisha akasema kwamba nyumbani hakuna anayetaja jina la Ondieki. Akianza yeye, watu wanazungumza habari ya mvua. Mabinti wanamwambia nyamaza, utaugua. Akafikiri: yuko mtu mmoja tu anayelia kama mimi, ni mke wake. Niende kwake tulie pamoja.

Sijui kama kuna neno lililowahi kunichoma namna hiyo.

Ningeweza kulia. Nilijua jinsi ya kulia, nililia mazishini mbele ya watu wote. Nilijaribu hata. Nikamtazama, nikashindwa kumdanganya tena.

"Mama, mimi sijamlilia," nilimwambia. "Tangu nibaki peke yangu nimekuwa nikipumzika. Nisamehe."

Nilingoja anilaani. Ana haki.

"Nilijua," alisema. "Siku ya mazishi ulilia kwa mdomo. Mimi nilikutazama."

Maji yaligonga mbao za kibanda. Polisi alikuwa amelala juu ya miguu ya Mama.

"Basi nitalia mimi," akasema. "Wewe pika chai."

Nikaingia ndani. Nikawasha moto. Yeye akalia nje, kwa sauti, akimwita mwanawe kwa majina yake yote, hata yale ya utoto ambayo sikuyajua. Kuni zilikuwa mbichi. Moshi ulinitoa machozi na hayo hayakuwa ya Ondieki.

Jumamosi, 10 Agosti

Mama alilala kitandani, mimi sakafuni. Asubuhi alikataa kuonana na samaki, akasema ana macho ya mtu aliyekopa. Tumekula ndizi zake alizoleta kikapuni.

Hanichukii. Hanisamehe pia. Anazungumza nami kama mtu anayepita uchochoro mwembamba, taratibu, asiguse kuta.

Aliomba nimwambie kitu kimoja kuhusu mwanawe. Kitu cha huku, ambacho yeye hakukiona. Nikatafuta. Nikamwambia alikuwa akiimba akioga. Akasema hata nyumbani aliimba akioga. Nikatafuta tena. Miaka tisa, na sikupata kitu. Akanipigapiga goti, akasema, "Wacha."

Kuhusu Nyakundi alisema maneno machache tu: "Mtu akifa mama yake huulizwa. Nitasema mwaka uishe kwanza. Baada ya mwaka utasema mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Nikamshukuru. Akasema nisimshukuru, hafanyi kwa ajili yangu. Hataki kuona mke wa mwanawe akimpikia mwana wa mke mwenzake.

Kisha akaomba mbwa.

Sikufikiri kwamba ningeumia. Nimeumia. Lakini kati yangu na yeye, mbwa ni wa nani? Nikasema mchukue, Mama.

Jumapili, 11 Agosti

Nimewasindikiza hadi barabarani, wapande basi la Sotik na Kisii. Utingo alikataa mbwa. Mama akaweka kikapu chini mbele ya gurudumu na kukaa juu yake. Abiria wakaanza kumsihi utingo, mwishowe akakubali. Polisi aliingia chini ya kiti bila shida. Hakuniangalia sana. Mama alinishika mkono dirishani mpaka basi likaanza kwenda.

Nimerudi kisiwani. Mzee arap Chumo amenivusha. Nimefagia kibanda. Nimekunja blanketi alilojifunika. Siku za ruhusa bado zipo, nitazikaa.

Jua linashuka nyuma ya mikaratusi. Nilikuwa navua viatu barazani, nikaviona. Vimechakaa, vumbi mpaka kwenye kamba. Ndipo nikakumbuka. Kila Jumapili jioni Ondieki alichukua viatu vyangu vya kufundishia, akakaa navyo mlangoni, akavipaka rangi na kuvisugua kwa kitambaa, kwanza vyangu, halafu vyake. Sikuwahi kumwomba. Sikuwahi kumwambia asante. Jumatatu nilivivaa tu nikaenda darasani.

Hili ndilo Mama alilokuwa akiliomba, na basi sasa limeshapita Sotik.

Desemba nitaenda nimwambie. Mwenyewe, kwa mdomo.

Nimeviweka viatu juu ya kiti cha pili. Nimekaa navyo.